Saa na Adhabu: Historia ya Dakika za Mwisho katika Mpira wa Miguu

0. Utangulizi

Katika mpira wa miguu kosa lile lile halina uzito ule ule wakati wote. Mlinzi anayemvuta mshambuliaji jezi katika dakika ya 5 na mlinzi anayefanya hivyo katika dakika ya 89 wameandikiwa sheria moja, na mwamuzi huwapa adhabu moja. Hata hivyo, wa kwanza amejitia hasarani, na wa pili pengine amefanya biashara nzuri. Kinachowatofautisha ni saa. Watunga sheria waliipima adhabu mara moja kwa ajili ya mchezo mzima, ilhali thamani ya dakika hupanda kadiri mwisho unavyokaribia. Makala haya yanakusudia kufuata historia ya pengo hilo lililo baina ya adhabu isiyobadilika na wakati unaopungua, na jinsi wachezaji, makocha na watunga sheria walivyolipigania kwa zaidi ya miaka mia moja.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Kongo kwa namna ya pekee. Kuna picha ya mchezaji wetu mmoja ambayo kwa nusu karne imeonyeshwa kotekote duniani ili watu wacheke, ikidaiwa kuwa ni ushahidi kwamba timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika katika Kombe la Dunia haikuzijua kanuni za mchezo. Mwanahistoria hana budi kuuliza kama kicheko hicho kina msingi.

Lugha yenyewe inatupa pa kuanzia. Watangazaji wa Kiswahili wa Afrika Mashariki huziita dakika zinazoongezwa baada ya tisini “dakika za majeruhi”, kana kwamba wakati wote uliopotea ulipotea kwa sababu ya watu walioumia. Kifaransa cha redio zetu husema “arrêts de jeu”, yaani kusimama kwa mchezo, bila kumtaja aliyeusimamisha wala nia yake. Watangazaji hao hao wa Kiswahili wana msemo mwingine, nao naona unakaribia ukweli zaidi: “dakika za lala salama”. Anayeongoza anataka kulala. Anayefungwa anataka kumwamsha. Na mwamuzi amekaa katikati na saa mkononi.

1. Mpira uliopotea nje ya uwanja

Hapo mwanzo sheria hazikuijua penalti. Waungwana wa shule za Uingereza walioziandika mwaka 1863 waliamini kwamba mchezaji hatendi kosa kwa makusudi, na hivyo hawakuona haja ya kumwekea adhabu kali. Imani hiyo ilidumu maadamu wachezaji walikuwa marafiki wa tabaka moja. Mchezo ulipoingia katika miji ya viwanda, na klabu zikaanza kulipa wachezaji na kutoza viingilio, ushindi ukawa na bei, na kosa likawa na bei pia.

Tarehe 14 Februari 1891, katika robo fainali ya Kombe la FA, Notts County walikuwa wakiongoza 1-0 dhidi ya Stoke. Mchezo ulipokuwa unakaribia kwisha, mlinzi wa Notts County aliuzuia kwa mkono, juu ya mstari wa goli, mpira uliokuwa unaingia. Stoke walipewa mpira wa adhabu wa kawaida, hatua chache kutoka golini. Wachezaji wa Notts County walijipanga mbele yake, kipa akaudaka, na mchezo ukaisha hivyo hivyo. Mlinzi yule alikuwa amenunua ushindi kwa bei ndogo sana, na kila aliyekuwapo aliona.

Mwaka uliotangulia, William McCrum, mlinda mlango kutoka Ireland, alikuwa amependekeza kupitia chama cha nchi yake kwamba makosa ya aina hiyo yaadhibiwe kwa mkwaju mmoja wa wazi, mpigaji akabiliane na kipa peke yake. Pendekezo lake lilidhihakiwa kwanza, kwa kuwa lilikiri hadharani kwamba kuna waungwana wanaodanganya. Tarehe 2 Juni 1891, mjini Glasgow, lilikubaliwa. Yasimuliwa kwamba klabu ya Corinthian, iliyoshikilia uungwana wa zamani, iliendelea kwa miaka mingi kuikataa penalti: kipa wao husimama kando ya mlingoti na kuliacha goli wazi, kwa hoja kwamba aliyeshtakiwa kwa kosa la makusudi hana haki ya kujitetea.

Lakini watunga sheria walikuwa wameangalia upande mmoja tu. Adhabu walikuwa wameipandisha, saa hawakuigusa. Msimu uleule wa kwanza wa sheria mpya, Stoke, wale wale walioonewa, walikuwa nyuma 1-0 dhidi ya Aston Villa zikiwa zimebaki kama dakika mbili, wakapewa penalti. Kipa wa Villa aliuchukua mpira akaupiga nje kabisa ya uwanja. Ulipopatikana, dakika 90 zilikuwa zimekwisha, mwamuzi akapuliza filimbi, na penalti haikupigwa kamwe.

Nadhani hakuna tukio jingine linaloeleza mada yetu vizuri zaidi. Adhabu yoyote, hata iwe kali namna gani, ni maneno matupu ikiwa mkosaji anaweza kuichelewesha mpaka wakati uishe. Ndiyo maana sheria ilirekebishwa, na hadi leo inasema kwamba kipindi hurefushwa ili penalti iliyokwisha kutolewa ipigwe. Katika hali hiyo mkwaju hukamilika wenyewe: mpira ukitemwa na kipa, hakuna wa kuumalizia. Hii ndiyo nafasi ya pekee katika mchezo mzima ambapo saa inalazimishwa kuingojea haki.

2. Gelsenkirchen, 22 Juni 1974

Mwaka 1974 ulianza kwa furaha. Mwezi Machi, mjini Cairo, Zaire ilicheza fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Zambia. Ndaye Mulamba alifunga bao la pili la Zaire katika dakika ya 117, na ilionekana kwamba kombe limepatikana. Zambia ikasawazisha katika dakika ya 120. Siku hizo fainali iliyoisha sare ilirudiwa, kwa hiyo timu zilikutana tena siku mbili baadaye, na Ndaye akafunga mabao yote mawili ya ushindi wa 2-0. Mabao yake 9 katika mashindano hayo hayajafikiwa na mtu yeyote hadi leo. Hayo ni vema yakumbukwe kabla ya kusoma yanayofuata, kwa sababu timu iliyokwenda Ujerumani Magharibi miezi mitatu baadaye ilikuwa ni ile ile: mabingwa wa bara, waliocheza dakika 120 na kisha 90 nyingine chini ya kanuni zile zile.

Katika Kombe la Dunia Zaire ilifungwa 2-0 na Scotland, kisha 9-0 na Yugoslavia. Mchezo wa tatu ulikuwa dhidi ya Brazil, bingwa mtetezi, iliyohitaji ushindi wa mabao matatu ili kuipita Scotland kwa tofauti ya mabao. Ilipata 3-0 kamili, bao la tatu likiwa la Valdomiro katika dakika ya 79. Scotland, ambayo haikufungwa mchezo hata mmoja, ikarudi nyumbani kwa upungufu wa bao moja. Basi mtu asidhani kwamba dakika za mwisho za mchezo ule hazikuwa na maana: kila sekunde yake ilikuwa na wenye kuihesabu katika nchi tatu.

Katika kipindi hicho cha pili, mchezo ukielekea mwisho, Brazil walipewa mpira wa adhabu karibu na eneo la hatari la Zaire. Ukuta ulipangwa, mwamuzi Nicolae Rainea wa Romania akapuliza filimbi, na kabla Mbrazili yeyote hajaugusa mpira, Mwepu Ilunga alichomoka kwenye ukuta na kuubutua mbali. Rainea alimwonyesha kadi ya njano. Watangazaji wa Ulaya walicheka, na wengine waliitaja hali hiyo kuwa ni ujinga wa Kiafrika.

Tuliweke tendo hilo katika mizani ya sheria. Mpinzani anatakiwa kukaa umbali wa mita 9.15 mpaka mpira upigwe. Akiuondoa, anaonywa kwa kadi ya njano na mpira hurudishwa pale pale. Je, kadi hiyo ilimgharimu Mwepu nini? Zaire ilikuwa imekwisha kutolewa. Mchezo huo ulikuwa wa mwisho. Hapakuwa na mchezo mwingine wa kukosa. Bei yake, kwa hesabu kavu, ilikuwa karibu na sufuri. Na faida? Pumzi zilikatwa, wapigaji walitolewa katika utulivu wao, na sekunde kadhaa zilipita. Mwaka 1974 wakati wa kufidia ulikuwa siri ya mwamuzi: hakuna ubao ulioonyeshwa, wala mtu hakujua ni sekunde zipi zilizorudishwa na zipi zilizomezwa. Mchezaji wa Ulaya akiupiga mpira jukwaani katika hali hiyo, husifiwa kuwa ni mjanja.

Sitaki kumpamba Mwepu kwa mkakati ambao pengine hakuwa nao. Yeye mwenyewe alieleza miaka mingi baadaye kwamba alizijua kanuni barabara, na kwamba alitenda kwa hasira na kwa hofu: wachezaji walikuwa wamenyimwa fedha walizoahidiwa, na baada ya yale mabao tisa walikuwa wametishwa na watu wa utawala wa Mobutu wasithubutu kufungwa tena kwa aibu. Maelezo yake yalibadilika kidogo kutoka mahojiano hadi mahojiano, kama yanavyobadilika ya kila shahidi anayeulizwa jambo moja kwa miaka arobaini. Lakini katika yote hakuna hata moja linaloafikiana na hadithi ya ujinga. Mtu anayetishwa asifungwe bao la nne ana kila sababu ya kuchelewesha mpira wa adhabu. Mwepu alifariki Mei 2015, na taarifa nyingi za kifo chake ziliianzia picha ile ile.

3. Bei ya kadi nyekundu

Mfano ulio kinyume cha huo unatoka Johannesburg, tarehe 2 Julai 2010. Ghana na Uruguay walikuwa 1-1 katika robo fainali ya Kombe la Dunia, na dakika ya mwisho ya muda wa ziada ilikuwa imekwisha kupita. Kichwa cha Dominic Adiyiah kilikuwa kinaingia golini, na Luis Suárez, aliyesimama kwenye mstari, akakizuia kwa mikono. Alipewa kadi nyekundu. Ghana ikapewa penalti. Asamoah Gyan akaipiga kwenye mtambaa panya. Uruguay ikashinda kwa mikwaju 4-2, na Afrika ikasubiri hadi Morocco mwaka 2022 ili kufika nusu fainali.

Wengi waliuita wizi. Mimi nauita hesabu, na hesabu hiyo si ya Suárez pekee. Ni ya sheria. Penalti huingia takriban mara tatu katika kila nne. Aliyezuia bao la hakika alibadilisha hasara kamili kwa hasara ya robo tatu. Kadi nyekundu, ambayo katika dakika ya 10 ingeiacha timu yake na watu kumi kwa dakika 80, haikuondoa chochote kwa kuwa hapakuwa na wakati wa kucheza na upungufu huo. Ilibaki adhabu ya kukosa mchezo unaofuata, ambao bila kosa lile usingekuwapo. Mlinzi wa Notts County wa 1891 na Suárez wa 2010 walifanya kitu kimoja. Kilichobadilika katika miaka 119 ni bei, nayo bado haikutosha kumzuia mtu. Raga ilichagua njia nyingine: kosa linaloondoa alama ya hakika, alama yenyewe hutolewa. Mpira wa miguu haujakubali jambo hilo, na sidhani kwamba utakubali karibuni, kwa sababu umezoea kwamba bao ni kitu kinachoonekana kikivuka mstari.

Mchezo wa Marekani wanaouita pia “mpira wa miguu”, ingawa mkono ndio unaotawala, unasaidia kuliona tatizo kwa jicho jingine. Kule saa husimama na kuendelea mbele ya macho ya wote, na bado mkosaji hupata mwanya. Katika fainali ya Februari 2012 mjini Indianapolis, New York Giants walikuwa mbele ya New England Patriots zikiwa zimebaki sekunde 17, na katika pigo moja walikuwa na watu 12 uwanjani badala ya 11. Adhabu ilikuwa yadi 5, nayo ilitolewa. Lakini sekunde 8 zilizotumika hazikurudishwa, zikabaki 9. Mwaka uleule sheria ilibadilishwa ili kosa la namna hiyo lisimamishe mchezo kabla saa haijatembea. Na timu inayoshambulia ikitenda makosa fulani yanayoisimamisha saa katika dakika za mwisho, hukatwa sekunde 10. Waamerika wameelewa kwamba wakati ni mali, na kwamba aliyeiba mali hufidia kwa mali ya aina ile ile.

Kwetu, fidia ya wakati imekuja polepole. Katika Kombe la Dunia la 1990 mabao yalikuwa machache, na walinzi walirudisha mpira kwa kipa, kipa akaudaka, akaurusha kwa mlinzi, mlinzi akaurudisha. Timu inayoongoza iliweza kuila saa bila kutenda kosa lolote. Mwaka 1992 kipa alikatazwa kuudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Mwaka 1998, huko Ufaransa, ubao wa mwamuzi wa nne ulizitangaza dakika za nyongeza mbele ya umati, na siri ya mwamuzi ikapungua. Mwaka 2022, huko Qatar, waamuzi waliagizwa kuhesabu kwa ukamilifu, na katika mchezo wa Uingereza na Iran nusu ya kwanza pekee iliongezwa dakika 14.

La kufundisha zaidi ni lile la kipa. Tangu mwaka 2000 alikatazwa kuushika mpira zaidi ya sekunde 6, na adhabu ilikuwa mpira wa adhabu ndogo ndani ya eneo lake. Adhabu hiyo ilikuwa nzito mno kwa kosa la sekunde mbili tatu, hivyo waamuzi waliona haya kuitoa, na makipa wakaendelea kulala juu ya mpira. Mwaka 2025 sheria ikalegezwa na kukazwa kwa pamoja: sekunde 8, mwamuzi akizihesabu tano za mwisho kwa vidole, na adhabu ikawa kona tu. Adhabu nyepesi inayotolewa humtisha kipa kuliko nzito inayoogopwa na mwamuzi mwenyewe.

Hata hivyo saa imebaki mkononi mwa mtu mmoja. Tarehe 12 Januari 2022, mjini Limbe, Cameroon, mwamuzi Janny Sikazwe wa Zambia alipuliza filimbi ya mwisho ya mchezo wa Tunisia na Mali katika dakika ya 85, akaurudisha, kisha akaumaliza tena kabla dakika 90 hazijatimia. Ilielezwa baadaye kwamba alikuwa ameathiriwa na joto kali. Mali, iliyokuwa na watu kumi na ikiongoza 1-0, ilishinda. Tunisia ilipoitwa baadaye kurudi uwanjani ilikataa.

4. Kuingojea mikwaju

Kabla ya mwaka 1970, mchezo usio na mshindi ulirudiwa, au uliamuliwa kwa kura. Fainali ya klabu bingwa za Afrika ya 1967 baina ya Asante Kotoko na TP Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo ni TP Mazembe, iliisha 1-1 huko Kumasi na 2-2 huko Kinshasa. Ukapangwa mchezo wa tatu nchini Cameroon, Kotoko hawakutokea, na kombe likaja Lubumbashi bila teke la mwisho. Mwaka uliofuata Italia iliingia fainali ya Ulaya kwa kurushiwa sarafu. Mwaka 1970 mikwaju mitano kwa mitano ilikubaliwa rasmi, na mkakati wa dakika za mwisho ukageuka: sasa mnyonge alikuwa na bandari ya kukimbilia. Jaribio la “bao la dhahabu” lilikusudiwa kumfukuza huko, lakini liliwafanya wote wawili kuogopa kushambulia, na mwaka 2004 likafutwa.

Timu yetu ya taifa imejifunza kuitumia bandari hiyo. Katika Kombe la Afrika la mwanzoni mwa 2024 ilitoka sare na Zambia, Morocco na Tanzania, kisha 1-1 na Misri, ambayo ilibaki na watu kumi katika muda wa ziada na kuanza kuivuta saa kuelekea mikwaju. Kipa wa Misri alipogonga mtambaa panya, Lionel Mpasi, kipa wetu, aliuweka mpira mwenyewe na kufunga: 8-7. Kongo ilikuwa imefika robo fainali bila kushinda mchezo hata mmoja uwanjani.

Tarehe 16 Novemba 2025, mjini Rabat, Kongo ilikuwa tena 1-1, safari hii na Nigeria, katika mchujo wa kuwania Kombe la Dunia. Kocha Sébastien Desabre alimtoa Mpasi yule yule mwishoni mwa muda wa ziada na kumwingiza Timothy Fayulu kwa ajili ya mikwaju. Fayulu aliokoa, Chancel Mbemba akafunga wa mwisho, na Kongo ikashinda 4-3. Sheria hairuhusu kubadilisha kipa baada ya filimbi ya dakika ya 120, isipokuwa ameumia, na hakuna badiliko linalofanyika mpaka mpira usimame. Kwa hiyo mipango yote ya kocha ilitegemea mpira utoke nje mara moja zaidi wakati saa ya mwamuzi ilikuwa bado inatembea.